Mahagi-Port: Wanaobeba ekipe za mtaa, nani anawabeba wao?

Katika kila ekipe ya mtaa kuna watu ambao majina yao hayatajwi kwenye radio. Mmoja anachora mistari ya kiwanja kwa majivu. Mwingine anafua mavazi ya mchezo na kuyahesabu. Mwingine anapuliza filimbi, anatukanwa na pande zote mbili, kisha anarudi kwake kwa mguu. Hawana mshahara wala mkataba. Siku wanapochoka, ekipe inabaki jina tu.

Kwenye Mahagi-Port, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Albert katika wilaya ya Mahagi, mkoani Ituri, jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mpira wa mtaa hauna tiketi wala televisheni kama ule wa LINAFOOT. Ngazi za mpira nchini zinaanzia FECOFA, zinashuka kwenye ligue ya mkoa, halafu entente, halafu cercle, na chini kabisa kuna ekipe ambayo haina hata ofisi. Kwenye ngazi hiyo ya chini, pesa ikikosekana mchezo unaweza kuendelea. Mtu wa kuja kiwanjani na mpira kila siku akikosekana, mchezo unasimama.

Wengi wana jibu tayari: watu ni maskini, na maskini hawezi kufanya kazi ya bure. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mtaa wa Mathare kule Nairobi haukuwa wa matajiri mwaka 1987 vijana walipoanza kujipangia michezo yao, na kazi ile ya kujitolea imevuka miaka zaidi ya 30. Ukitazama kwa karibu sababu zinazowaondoa watu wa kujitolea, umaskini unakuja nyuma ya mambo mengine matatu: kazi isiyo na mpaka, pesa isiyo na hesabu, na masaa yaliyopangwa bila kuangalia maisha ya mtu.

Tuanze na masaa, kwa sababu kando ya ziwa hapo ndipo mambo mengi yanaharibika.

Kalenda ya mvuvi

Nyavu za sangara zinatupwa jioni na kuvutwa alfajiri. Samaki wadogo, wale ambao ng'ambo ya Uganda wanaitwa muziri, wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki kwa sababu usiku ni giza. Mwezi ukijaa, nuru yake inamwagika juu ya maji yote, taa inapoteza nguvu, na samaki hawakusanyiki tena kama mbele. Ndiyo maana wavuvi wa taa kwenye maziwa yetu makubwa, Albert sawa na Tanganyika na Victoria, hutumia siku za mwezi mpevu kushona nyavu, kutengeneza pirogi na kulala usingizi wa kweli.

Sasa mtu huyo huyo anaombwa awe kocha wa watoto kila siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, saa tisa ya mchana, mwaka mzima. Wiki mbili anakuja. Wiki ya tatu giza linarudi, anakesha ziwani, anafika nchi kavu asubuhi na samaki wa kuuza, mchana anaanguka kwenye mkeka. Kwenye ekipe wanasema: "Huyu si mtu wa kutegemewa." Baada ya mwezi mmoja jina lake linafutwa, naye anafikiri kwamba walimchoka.

Hakuna aliyekosea hapo ila kalenda. Mwezi unajaa tena kila baada ya siku 29 na nusu, na mvuvi yeyote anaweza kusema leo ni lini utajaa tena. Komite ya ekipe inaweza kuweka michezo mikubwa, mashindano ya mtaa kwa mtaa na mikutano yake katika siku zile ambazo wavuvi wako nchi kavu, na kuacha mazoezi madogo ya wiki za giza kwa watu wengine. Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka Kinshasa.

Watu wengine nao wana masaa yao. Mwalimu anamaliza darasa mchana, na ndiye anayekimbiliwa na kila mtu: anajua kuandika, watoto wanamheshimu, ana sauti. Lakini mwalimu huyo huyo ameshachaguliwa kuwa sekreteri wa kanisa, wa komite ya maji na wa chama cha akiba. Tangu elimu ya bure katika shule za msingi za serikali ilipoanza mwezi wa tisa 2019, madarasa yamejaa, na walimu wengi nchini bado wanalalamikia malipo. Kumwongezea ekipe bila kumwondolea kitu ni kumwandaa kuondoka. Mama anayeuza samaki anashikwa alfajiri, pirogi zinapofika, na siku za soko. Katikati ana nafasi. Kijana wa pikipiki ana nafasi pale ambapo abiria ni wachache, na hiyo saa anaijua yeye mwenyewe.

Anayetafuta watu wa kujitolea kwenye bandari kama hii anapaswa kwanza kuuliza: "Wewe uko huru saa ngapi, na siku gani?" Swali hilo linaulizwa kwa nadra kabisa. Mara nyingi ekipe inapanga, kisha inalaumu.

"Nani anataka kusaidia?"

Namna ya kawaida ya kutafuta watu ni tangazo. Baada ya ibada, au mwisho wa mchezo, prezida wa ekipe anachukua megafoni na kusema kwamba ekipe ni ya wote, kila mtu alete mkono wake. Watu wanapiga makofi. Kesho yake wanakuja wawili, na mmoja wao alikuwa anatafuta kazi ya mshahara.

Tangazo linaita kila mtu, kwa hiyo kila mtu anafikiri ni mwenzake aliyeitwa. Linalofaulu zaidi ni kumwendea mtu mmoja nyumbani kwake na kumwomba kazi moja yenye mwisho. "Mama, tunaomba ututunzie mavazi ya watoto mpaka mwisho wa mashindano haya. Ni mavazi 18. Sabuni ni ya ekipe. Utasaidiwa na binti wa jirani." Mama akisikia hivyo anaweza kupima. Anajua ni kiasi gani, mpaka lini, na nani, na mfuko wa nani. Akisikia "tunataka utusaidie kwenye ekipe," hajui anaingia katika nini, na mtu mwenye akili hakubali kitu asichokijua. Au anakubali kwa heshima tu, kisha anajificha.

Wachezaji wa zamani nao wanasahaulika. Kijana aliyevunjika goti akiwa na miaka 24 anaacha kuja kiwanjani kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba bado ana nafasi. Anaujua mchezo, watoto wanakumbuka mabao yake, na jioni anakaa tu penye kuuzwa pombe. Huyo hahitaji kutafutwa mbali.

Lakini kuna mlango mmoja ambao haufai kuachwa wazi. Mtu anayeomba kukaa na watoto lazima ajulikane. Ituri inajua vizuri kuliko mikoa mingi maana ya mtoto kuwa mikononi mwa mtu mbaya. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri, kati ya 2002 na 2003. Miezi michache baadaye alipewa miaka 14 ya gereza. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Na nchini kwetu kuna sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto.

Basi kumuuliza mtu anatoka wapi, nani anamjua, na kwenda kwa shefu wa mtaa pamoja na wazazi wawili watatu kabla ya kumkabidhi watoto, si matusi. Mtu mwema hakasiriki. Kanuni chache zinatosha, mradi zifuatwe: watu wazima wasipungue wawili wanapokuwa na watoto, hakuna mtoto anayepelekwa peke yake kwa pikipiki au pirogi, safari ya mchezo wa nje inajulikana kwa wazazi kabla. Mtu wa kujitolea mwenyewe analindwa na kanuni hizo, kwa sababu uvumi ukitokea siku moja, ana shahidi.

Neno "motivation"

Kwenye Swahili ya huku, neno la Kifaransa "motivation" lina maana yake ya pekee: ni pesa ndogo ambayo mtu anapewa ili asimame na kufanya kazi. Liliingia katika mazungumzo ya kila siku pamoja na mashirika. Ituri imepokea mashirika mengi tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na mengi yalifanya kazi nzuri. Lakini yalipopita yaliacha desturi moja: mkutano una pesa ya safari, mafunzo yana pesa ya chakula, na anayesaini kwenye karatasi ndiye anayepokea. Mradi wa miezi sita ukipita na kuwapa makocha wa kujitolea kitu kila mwezi, mwezi wa saba kiwanja kinakuwa kitupu. Makocha hao hawakuwa watu wabaya. Kazi yao ilikuwa imekwisha kugeuzwa jina.

Wazee nao wana kumbukumbu nyingine. Ukiwaambia "kujitolea," baadhi yao wanasikia salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima ya miaka ya 1970 wakati wa Mobutu, ambapo asiyetoka kufagia anatafutwa. Kati ya salongo ambayo ni nguvu tupu na mradi ambao ni pesa tupu, ekipe ya mtaa inatafuta njia ya tatu, na si rahisi kuipata.

Njia hiyo inaanza kwa kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sana: kulipa mtu, na kumrudishia alichotumia. Mtu anayejitolea anatoa muda wake. Hapaswi kutoa pia pesa ya pikipiki, yunite za simu za kuwaita wachezaji, sabuni, na bendeji ya mtoto aliyejikata. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyomshinda. Mke wake nyumbani haoni heshima ya ekipe. Anaona pesa ya unga ikitoka. Ekipe ambayo haina kitu inaweza angalau kuwa wazi: mwezi huu tunaweza kurudisha pesa ya safari moja, ya pili hatuna, kwa hiyo usisafiri. Hiyo ni afadhali kuliko ahadi.

Hata nchi tajiri zinaishi na mstari huo huo. Nchini Ujerumani michezo ya mitaa inabebwa na vyama vya watu wa kujitolea, na sheria ya kodi inamruhusu mkufunzi wa chama kupokea shukrani kidogo bila kukatwa kodi. Mwaka 2021 mpaka wake uliwekwa kwenye euro 3.000 kwa mwaka. Serikali ile inakubali kwamba mtu anaweza kupewa kitu na bado akaitwa mwenye kujitolea, mradi kila mtu ajue kipimo.

Na kipimo bila hesabu hakifai kitu. Katika ekipe nyingi za mtaa pesa inatoka kwenye mfuko wa mtu mmoja, prezida, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara au mtu anayetafuta kura. Yeye ananunua mpira, analipa gari, anatoa soda baada ya ushindi. Watu wanamshukuru, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Michango midogo ya wengine inaingia katika mfuko huo huo na kupotea humo. Siku prezida anapohama kwenda Bunia au anaposhindwa uchaguzi, wenye kujitolea wanagundua kwamba hawakuwa na ekipe. Walikuwa na mtu.

Dawa ya hiyo wakaaji wanaijua tayari, kwa sababu wanaitumia kwenye likelemba na kwenye vyama vya akiba vya mtaa: daftari moja, kisanduku kimoja, watu watatu wanaoshika funguo tofauti, na pesa kuhesabiwa mbele ya wote. Wanawake wanaouza samaki wanahesabu hivyo kila wiki bila kelele. Inashangaza kwamba ekipe za wanaume wa mtaa huo huo hazijawahi kuwaomba wawafundishe.

Kuhusu karatasi za serikali, tupite haraka. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 inaeleza vyama visivyo vya faida, na sheria nambari 11/023 ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 inaweka misingi ya michezo nchini. Ekipe inayotaka kukua itazihitaji siku moja. Ekipe inayotafuta mtu wa kufua mavazi inaweza kuanza kwa daftari.

Walivyofanya Mathare na Kilifi

Kwa anayetaka kuona kazi hiyo ikifanyika kwa miaka mingi, mfano wa karibu uko Nairobi. Mathare Youth Sports Association, ambayo watu wanaiita MYSA, ilianza 1987 wakati Bob Munro, mtu wa Kanada aliyekuwa anafanya kazi ya mazingira jijini humo, alipokubaliana na watoto wa Mathare juu ya jambo moja: wao wakifanya kitu, chama nacho kitafanya kitu, wasipofanya, nacho hakifanyi. Mtaa ulikuwa umejaa takataka na maji machafu. Basi usafi ukaingizwa ndani ya ligi. Ushindi kiwanjani unaleta pointi 3. Ekipe iliyotoka kusafisha mtaa inapata pointi 6. Ekipe hodari inayokaa nyumbani siku ya usafi inaweza kupitwa kwenye msimamo na ekipe dhaifu yenye makoleo.

Wazo hilo linafahamika kote. Lisilojulikana sana ni namna MYSA ilivyowashika watu wake wa kujitolea. Kocha, mwamuzi na kiongozi wa ligi walikuwa vijana wa mtaa wenyewe, wengi wakiwa bado wanasoma. Kila kazi waliyofanya iliandikwa na kupewa pointi: kufundisha wadogo, kuamua mchezo, kusafisha, kuongea na wenzao juu ya SIDA. Mwisho wa mwaka wale wenye pointi nyingi walipata tuzo, nayo ilikuwa karo ya shule, ambayo ililipwa moja kwa moja kwa shule. Kijana hakupewa noti mkononi. Alipewa mwaka mwingine wa masomo, na kila jirani alijua ameupata kwa sababu gani.

Ekipe kubwa ya chama hicho, Mathare United, iliundwa 1994. Mwaka 1998 ilichukua kombe la taifa ikiwa bado katika divisheni ya pili, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Wachezaji wake wakubwa nao walidaiwa masaa ya kazi katika mtaa kila mwezi. Kwa mtoto wa Mathare, nyota wa ekipe alikuwa ndiye yule aliyemfundisha kupiga pasi.

Kuna kanuni moja ya MYSA ambayo inafaa kusomwa mara mbili na kila mtu anayejua mchezo wa mtaa unavyokwisha kando ya Ziwa Albert. Mchezaji aliyepewa kadi nyekundu hakukaa nje tu kusubiri adhabu iishe. Ilimlazimu kwanza kuamua michezo kadhaa ya watoto. Anasimama katikati, anapuliza filimbi, anasikia wazazi wakimpigia kelele kwamba ni kipofu. Kisha anarudi kucheza.

Mwamuzi ndiye mtu wa kujitolea anayepotea haraka kupita wote. Kocha akishinda anabebwa mabegani. Mwamuzi hana siku ya kushinda. Kwenye mtaa ambako kila mtu ni ndugu wa kila mtu, uamuzi wa penalti unaweza kumfuata mpaka sokoni. Vijana wanajifunza kanuni za mchezo, wanaamua mara tatu, wanne wanawazingira, na basi. Ekipe inayotaka waamuzi lazima iwatafutie ulinzi kabla ya kuwatafutia filimbi: watu wawili wanaoheshimiwa wa kusimama kando ya mstari, kapteni mmoja tu mwenye haki ya kuongea naye, na mtu wa kumsindikiza nyumbani baada ya mchezo mkali. Pesa haiingii kabisa hapo.

Mfano wa pili uko pwani ya Kenya, Kilifi. Moving the Goalposts ilianzishwa huko 2001 na Sarah Forde kwa ajili ya mpira wa wasichana, mahali ambapo wengi walisema msichana hana kazi kiwanjani. Walichofanya ni kuwaachia wasichana wenyewe kuendesha ligi. Wanachagua komite za viwanja vyao, wanafundishana, wanaamua michezo yao, wanajifunza huduma ya kwanza. Wasichana waliopita humo wamefika maelfu. Kwa mzazi mwenye wasiwasi, kuona kwamba anayefundisha binti yake ni binti wa jirani aliyemzidi miaka mitatu kulisaidia kuliko hotuba.

Jambo hilo linafaa kutazamwa Mahagi-Port, ambako wanawake wanabeba sehemu kubwa ya biashara ya samaki huku komite za mpira zikibaki za wanaume. Ekipe ikikosa watu wa kujitolea wakati nusu ya mtaa haijaulizwa, haijaanza kutafuta.

Goma nayo ina mfano wake, wa aina nyingine. Balezi Bagunda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Kibomango, alikuwa askari mtoto, akapoteza jicho, halafu kwa miaka mingi akafundisha vijana ngumi bila malipo kwenye Stade de l'Unité. Kati ya wanafunzi wake walikuwemo waliopitia njia ile ile ya silaha. Mtu kama huyo hawezi kupangwa na komite, anajitokeza mwenyewe. Lakini mtaa wenye bahati ya kumpata unapaswa kujiuliza ni nani anayesimama pembeni yake akijifunza, maana mwili wa mtu mmoja unachoka.

Wanaoondoka bila kupenda

Ituri ina shida ambayo Kilifi haina. Hapa mtu wa kujitolea anaweza kuondoka usiku mmoja pamoja na familia yake yote. Mapigano yaliyorudi Djugu mwishoni mwa 2017 yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu kuvuka Ziwa Albert kwa pirogi kwenda Uganda katika miezi ya kwanza ya 2018. Mahagi nayo imeguswa na mashambulizi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za kandokando, upande wa Congo na upande wa Uganda. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi.

Katika hali hiyo, ekipe ambayo kila kitu kiko kichwani mwa mtu mmoja haiwezi kusimama. Yeye peke yake anajua namba za wazazi. Yeye anajua mavazi yako kwa nani, nani anadaiwa, mtoto yupi ana kifafa. Akikimbia, anaondoka na ekipe yote bila kujua. Kazi ya watu wawili wawili, ambayo wakati wa amani inaonekana kama kupoteza nguvu, hapa ndiyo akiba. Kila kazi iwe na mwenyewe na msaidizi wake. Na yote yaandikwe kwenye daftari ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma.

Na aliyefika kwa kukimbia naye ni mtu. Kati ya wanaohifadhiwa kwenye familia za Mahagi wamo walimu, makocha na waamuzi wa mahali pengine. Wengi wanakaa kutwa bila kazi, wakihesabiwa kama midomo ya kulisha. Kumwomba mmoja wao afundishe watoto jioni, baada ya kuulizia kwa shefu na kwa watu wa kwao kama kanuni inavyotaka, kunampa nafasi ya kuitwa tena kwa jina la kazi yake.

Wako pia wale wanaoondoka kwa furaha: anayeolewa, anayepata kazi Bunia, anayevuka kwenda kutafuta maisha Uganda, anayeanza masomo mwezi wa tisa. Desturi ya ekipe nyingi ni kununa. Jina lake linatajwa kwa uchungu, kana kwamba ameiba. Kumbe huyo ndiye anayeweza kutuma mpira mmoja kwa mwaka, kumpokea mchezaji anayekwenda kusoma mjini, au kurudi likizo na kufundisha wiki mbili. Inatosha aagwe vizuri: siku moja kabla ya safari, mbele ya wachezaji, anamkabidhi msaidizi wake daftari, filimbi na ufunguo wa kisanduku. Mavazi yanahesabiwa, 18. Moja limepasuka begani. Linaandikwa, na mazoezi yanaanza.